Ukitaka mwalimu abaki shuleni, ajiri na mhudumu wa maabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kundi linalosahauliwa kila mjadala wa mishahara ya walimu unapoanza, yaani watumishi wasio walimu. Mshahara wa mwalimu wa shule ya umma ni mdogo, na hilo halina ubishi. Lakini tukiishia hapo hatutaelewa kwa nini walimu wanaondoka. Mwalimu anabebeshwa pia kazi ya mtu ambaye shule haikumwajiri, na kazi hiyo haionekani kwenye ratiba wala kwenye hati ya mshahara.

Tufanye hesabu. Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 28 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, anasimama darasani saa 18 na dakika 40. Akiandaa kila kipindi kwa dakika 20 tu, hizo ni saa 9 na dakika 20. Akiwa na mikondo minne ya wanafunzi 60, ana madaftari 240. Zoezi moja kwa wiki, kila daftari dakika 3, ni saa 12. Jumla saa 40 kamili. Hapo hajashika zamu, hajaingia kikaoni, hajamsikiliza mzazi hata mmoja. Vipindi ambavyo maofisa huvihesabu wanapopanga walimu havifiki hata nusu ya kazi yake.

Sasa mwondoe mhudumu wa maabara. Darasa la wanafunzi 40 linataka kufanya jaribio la kupima asidi kwa alkali. Kila mwanafunzi anahitaji kama sentimita za ujazo 150 za myeyusho, kwa maana jaribio hurudiwa mara nne na vyombo lazima visuuzwe. Hizo ni lita 6. Kwa sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo alkali yenyewe, yenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali), ni gramu 24, na inabidi zipimwe upesi kwa kuwa chembe zake hufyonza unyevu wa hewa zikiwa bado kwenye mizani. Ukiyeyusha, maji yanapata moto. Usiposubiri yapoe kabla ya kujaza mpaka kwenye alama ya chupa ya kupimia, ujazo unakuwa si sahihi. Myeyusho ukiachwa wazi unavuta kaboni dayoksaidi na nguvu yake inapungua. Bureti, yaani mrija wenye vipimo wa kumiminia myeyusho, iliyooshwa kwa maji bila kusuuzwa kwa myeyusho wenyewe nayo inaharibu majibu, na mwanafunzi anakosa alama kwa kosa lisilo lake. Kazi hii inaanza siku moja kabla na kuisha saa nyingi baada ya wanafunzi kutoka. Mwalimu wa kemia asiye na msaidizi ana njia mbili: aongeze saa hizo juu ya zile 40, au afanye jaribio peke yake mbele ya darasa na wanafunzi wanakili tarakimu ubaoni. Wengi huanza na njia ya kwanza, wakachoka, wakahamia ya pili, kisha wakaanza kutafuta kazi nyingine. Nauona mtiririko huo kuwa sababu kubwa ya kukosa walimu wa sayansi, na hautajwi.

Lindo nalo lina hesabu yake. Wiki ina saa 168. Mlinzi anayefanya kazi saa 45 kwa wiki analinda kidogo zaidi ya robo ya saa hizo, kwa hiyo lindo moja la usiku na mchana linahitaji walinzi 4, na hapo hujaweka likizo wala ugonjwa. Shule yenye walinzi 2 inamfanyisha kila mmoja saa 84. Mtu huyo akisinzia alfajiri asiitwe mvivu, na kompyuta ikiibwa si haki kumkata mshahara. Wakati huo huo walimu wanapangiwa kuzunguka mabweni usiku, na asubuhi wanatakiwa darasani saa ile ile kama wenzao waliolala. Karani akikosekana ni vivyo hivyo: takwimu za mahudhurio, stakabadhi na barua za uhamisho zinahamia meza ya mwalimu wa taaluma.

Kwa nini nafasi hizi hazijazwi, au zikijazwa watu hawakai? Angalia mkataba. Wapishi, wasafishaji na matroni wengi wanaajiriwa kwa miezi 9 au 10, na likizo za shule hazilipwi. Wengine wanalipwa kutoka mfuko wa shule, kwa hiyo michango ikichelewa na mshahara unachelewa. Walioletwa na kampuni ya wakala wanakatwa sehemu ya wakala kabla fedha haijawafikia. Hakuna akiba ya uzeeni, na siku ya kuugua ni siku isiyo na malipo. Kisha nyongeza inapotangazwa, hutangazwa kwa asilimia: asilimia 5 kwa anayelipwa mara kumi ya msafishaji ni fedha mara kumi ya atakayopata msafishaji. Kwa ngazi za chini, nyongeza itajwe kwa kiasi cha fedha kilicho sawa kwa wote.

Upande wa walimu, mambo matatu yanawaumiza zaidi ya kiwango chenyewe. Kwanza, mshahara kutoguswa. Bei zikipanda asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 3, mshahara ule ule umepoteza asilimia 16 ya uwezo wake wa kununua. Pili, nyongeza kuwekwa kwenye posho badala ya mshahara wa msingi. Mwezi huu fedha inaongezeka mfukoni, lakini mahali ambapo mafao hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, mstaafu haioni tena. La tatu ndilo baya kuliko yote: kupanda daraja kwa karatasi. Barua inatoka na tarehe yake, lakini mfumo wa mishahara unamtambua mwalimu tangu siku taarifa zilipoingizwa, labda mwaka mmoja baadaye. Malimbikizo ya katikati hayakuwekwa kwenye bajeti, kwa hiyo yanakuwa deni lisilo na tarehe ya kulipwa. Dawa yake ni ya kiofisi tu. Barua isitoke mpaka fedha yake iwe imetengwa, na hati ya mshahara ioneshe daraja, tarehe ya kupanda na malimbikizo yaliyobaki.

Haya si madai mapya. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na shirika la elimu la Umoja wa Mataifa (UNESCO) kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Oktoba 5, 1966, linasema shule zipewe watumishi wa kufanya kazi zisizo za kufundisha ili mwalimu ashughulikie taaluma yake. Linasema pia kwamba safari ya kutoka chini hadi juu ya ngazi ya msingi ya mshahara isizidi miaka 10 hadi 15. Mwalimu aliyekaa daraja moja miaka 8, miaka hiyo haitamtosha kufika juu.

UNESCO imeeleza kuwa duniani kiwango cha walimu wa msingi wanaoacha kazi kilikuwa asilimia 4.6 mwaka 2015 na kufikia takriban asilimia 9 mwaka 2022, na kwamba walimu milioni 44 zaidi watahitajika ifikapo 2030. Kuajiri wapya huku wa zamani wakitoka ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Ninaomba wizara na mamlaka za elimu waanze na mambo mawili. Ikama ya kila shule, yaani orodha ya nafasi za watumishi inaostahili kuwa nao, iwe moja, yenye walimu na wasio walimu, na kila muhula ibandikwe ikionesha nafasi zilizojazwa na zilizo wazi, tangu lini. Na kila anayeacha kazi, awe mwalimu au mpishi, ajaze fomu ya ukurasa mmoja kabla ya kukabidhi ofisi: alifanya kazi saa ngapi kwa wiki, kazi gani kati ya hizo hazikuwa zake, na anadai nini ambacho hajalipwa. Fomu hizo zisomwe na yule anayepanga bajeti ya mishahara.

Mdau wa elimu