Barua kwa mwanangu aliye JKT: hesabu za chuo nimeshakupigia

Neema mwanangu,

Marahaba. Najua ukifungua hii kitu cha kwanza utasema shikamoo mama, hata kama sikusikii. Simu zenu zimekusanywa huko kambini na siku mkirudishiwa utakuta meseji mia tatu za lile group la darasa lenu, kila mtu anamtisha mwenzake na habari za mkopo, sasa kabla hujazigusa hizo soma kwanza hii ya mama ako. Ni ndefu, tafuta kivuli ukae.

Matokeo nimeyaona. B tatu za PCM (fizikia, kemia na hesabu), division one ya pointi sita. Nilikuwa nasimamia jaribio la form two, mwalimu mwenzangu akaja dirishani kaninyooshea simu tu bila kusema neno, nikatoka nje nikasimama nyuma ya stoo ya jembe mpaka macho yakauke ndo nikarudi darasani. Basi hilo tumemaliza, tuje kwenye hela.

Chuo nimekuombea kama tulivyokubaliana, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uinjinia ndo chaguo la kwanza, na namba ya mtihani wa form four niliyotumia ni ileile niliyoweka kwenye maombi ya mkopo, maana ukitumia moja huku na nyingine kule (si uliwahi kufanya private ukapata namba ya pili?) mifumo haikutambui na utahangaika. Ukichaguliwa vyuo viwili itakuja meseji yenye namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, usithibitishe kwa mihemko ya marafiki, nipigie kwanza.

Sasa sikiliza. Watu wakisema chuo ni ghali huwa wanawaza ada, na vyuo vya umma ada sio mnyama mkubwa hivyo. Kozi nyingi inacheza kati ya milioni 1 na milioni 1 na nusu kwa mwaka, udaktari ndo unapanda juu zaidi. Kuna vidogo vidogo juu yake, bima ya afya ya NHIF 50,400, elfu 20 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, ukivijumlisha vinauma lakini vinabebeka. Kinachokula hela ni tumbo na kitanda. Hela ya kujikimu ambayo Bodi ya Mikopo wanaitumia kwa sasa ni elfu 10 kwa siku, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500. Chukua tuseme mwaka wenu wa masomo una wiki 34, hizo ni siku 238, zidisha kwa elfu 10 ni milioni 2 laki 3 na elfu 80. Umeona? Kula na kulala kunakaribia mara mbili ya ada! Yaani mtu anauza kiwanja alipe ada afu mtoto anashindwa chuo kwa sababu ya ugali.

Ndo maana nakwambia mapema habari ya chumba. Ukipata nafasi ndani ya chuo ichukue hata kama ni kitanda cha juu, hata kama mwenzako anakoroma. Zile hosteli za Magufuli pale Mlimani zilizofunguliwa 2017 zinabeba watu 3,840, ni nyingi ila chuo kina watu wengi mara kadhaa ya hapo, kwahiyo wengine wataangukia mtaani, Changanyikeni, Msewe, Sinza huko, na mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hajui bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) wala semista. Mimi muhula wangu wa kwanza nilibebwa. Kubebwa ni kwamba chumba sio chako, kitanda sio chako, kuna dada mmoja wa Iramba kakuonea huruma mnalala wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mwingine kule, na mlinzi akipita asubuhi unajifanya umekuja kuazima pasi. Tulicheka sana ila sitaki ulale hivyo.

Mkopo sasa. Nimeshalipa elfu 30 ya maombi (nitakwambia ni nani hasa kalipa, subiri), cheti chako cha kuzaliwa nimekipeleka kuhakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, fomu nimeprinti na kurasa zako za kusaini nimezibandika karatasi ya njano. Mdhamini ni mimi. Mwenyekiti wa mtaa kashagonga muhuri wake, bado sahihi yako na picha, ukifika tu unasaini tunapandisha, dirisha likifungwa mwisho wa Agosti hakuna cha nilikuwa jeshini.

Ila usije ukahesabu asilimia mia. Wewe ni mtoto wa mwalimu mwenye ajira. Vigezo vinaangalia kwanza yatima, wenye ulemavu, watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, na mimi naona ni sawa kabisa, nina wanafunzi wangu wanakuja shule na daftari moja la masomo yote. Kwahiyo unaweza kupewa hela ya kujikimu yote na ada robo, unaweza kupewa nusu nusu, unaweza kukosa awamu ya kwanza ukatokea ya pili au ya tatu, na baada ya hapo kuna dirisha la rufaa. Utaangalia kwenye SIPA, ile akaunti yako kwenye mfumo wa Bodi, sio kwenye group. Ada Bodi wanaipeleka chuoni moja kwa moja, inayoingia kwako ni ya kula na ya vitabu, na hata hiyo haiji mpaka usajiliwe na usaini kwa kidole. Hapo katikati kuna wiki ambazo mtu anaishi kwa alichotoka nacho nyumbani. Hiyo hela ya kuanzia ninayo, nilicheza vikoba miaka miwili bila kukwambia, ndo maana ile Krismasi hatukwenda kwa bibi.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Pale steshenari, nimekaa na fomu yako, kijana anajaza, kafika sehemu ya baba. Akaniuliza baba yupo? Nikanyamaza kidogo. Yeye akaelewa anavyotaka mwenyewe, akainama akaniambia kwa sauti ya chini, mama, ukiweka amefariki mtoto anapata mkopo mzuri, cheti kinatafutwa. Akasema kama vile ananiuzia vocha. Neema sikudanganyi, nilipiga hesabu. Ilinichukua kama dakika mbili nzima naangalia feni ya mle ndani inavyozunguka. Vyeti vya vifo navyo vinahakikiwa RITA kama vya kuzaliwa, kwahiyo ni kesi inakusubiri, lakini sio hicho kilichonizuia. Kilichonizuia ni kwamba karatasi ingesimama na jina lako na sahihi yako, wewe ndo ungesaini kwamba baba ako kafa. Nikamwambia andika yupo. Kwahiyo ukiona asilimia zako ndogo kuliko za mtu unayemjua kabisa baba ake anauza spea mjini, usikasirike nami.

Kuhusu ufadhili. Samia Scholarship ipo kweli, ilianza 2022/23 na bilioni 3, ni ya waliofaulu juu kabisa sayansi na inalipa kila kitu, hairudishwi. B tatu ni nzuri sana mwanangu ila wale ni wenye A zao za kupanga mstari. Jina likitokea tutachinja, lisipotokea maisha yanaendelea na mkopo wa kawaida. NMB nao wana ile Nuru Yangu ya watoto waliofaulu wa familia zenye hali ya chini, sisi tupo katikati, hatuna hali ya chini ya kuhurumiwa wala ya juu ya kulala usingizi. Nafasi za nje kama Hungary zinatangazwa na Wizara ya Elimu, hizo ukifika mwaka wa kwanza zifuatilie kwenye tovuti ya wizara yenyewe. Lakini yule mtu wa WhatsApp anayesema tuma elfu 50 kwenye namba hii upate skolashipu ya Canada, mfute. Ukiona unalipa serikali kitu chochote lazima kuwe na kontrol namba, hela ya serikali haiendi kwenye simu ya mtu anayeitwa afisa.

Afu kitu ambacho hatukuambiwa sisi. Mimi nilianza chuo 2005, mwaka huohuo Bodi imeanza kazi. Ada nilipata asilimia 60, ile 40 babu yako akauza ng'ombe wawili. Ile hela ya kula ilipokuja kwa mara ya kwanza sisi tulijua ni zawadi ya serikali, nikaenda Mwenge nikanunua simu ya Nokia na viatu vya kisigino ambavyo nilivaa mara moja vikanivua ngozi, wiki ya nne nakunywa uji wa chumvi. Wewe ukaja nikiwa mwaka wa pili, hayo unayajua. Nikamaliza na deni la milioni 5 na laki 4 hivi.

Nimeanza ualimu kwa mshahara wa laki 3 na kitu, wakati huo makato ni asilimia 8, kama elfu 25 kwa mwezi, laki 3 kwa mwaka. Na kulikuwa na tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kila mwaka juu ya deni. Wewe ni mtu wa hesabu, asilimia 6 ya milioni 5 na laki 4 ni laki 3 na elfu 24. Yaani tozo kwa mwaka ilikuwa inazidi ninachokatwa! Nilikuja kuligundua hilo siku nimeomba stetimenti, nikaisoma mara tatu nikidhani ni ya mwalimu mwingine. Baadae sheria ikabadilishwa 2016 makato yakawa asilimia 15, mshahara wangu ulikuwa laki 7 na elfu 16, ikawa inaondoka laki 1 na elfu 7 kila mwezi. Ile miaka uliyokuwa unaniuliza mbona mwisho wa mwezi bado tunakula dagaa, ndo hiyo. Mei Mosi 2021 kule Mwanza Rais Samia akatangaza ile tozo ya asilimia 6 inaondolewa, nilikuwa naangalia kwa jirani nikapiga kigelegele peke yangu, watoto wa jirani wakaniona chizi. Mwaka uliofuata nikamaliza.

Kwenu tozo hiyo haipo. Lakini piga nawe. Uinjinia ni miaka minne. Ukikopa kila kitu, ada tuseme milioni 1.3 kwa mwaka, kujikimu 2.38, vitabu laki 2, jumla inafika milioni 15 na nusu, fildi (mafunzo kwa vitendo) sijaweka. Ukipata kazi ya mshahara wa laki 8, asilimia 15 ni laki 1 na elfu 20 kwa mwezi, hiyo ni karibu miaka 11. Sisemi usikope, bila mkopo mimi ningekuwa nalima alizeti. Ila kila shilingi ya bumu ukiishika jua ni mshahara wako wa uzeeni huko kwenye thelathini na ngapi, umeutoa mapema. Bumu likiingia la siku sitini ni laki 6, siku ya kwanza utajiona tajiri na chipsi kuku zitakuita kwa jina. Toa kwanza ya chumba, weka ya nauli ya kurudi, iliyobaki igawe kwa wiki. Na usome, maana ukipata sapu sawa utarudia mtihani, ila ukidisko, yaani ukifukuzwa kwa kufeli, deni halidisko nawe.

Sasa baba ako. Jina lake kwenye cheti chako cha kuzaliwa ni Emanuel yenye m moja, kwenye vyeti vya shule wameandika m mbili. Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba ni mtu mmoja, akataka niwe na namba ya baba ako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Ikabidi nimpigie. Miaka sita sijasikia ile sauti. Nikamwambia sitaki maongezi nataka namba ya NIDA ya mkopo wa Neema, akanitajia, akanyamaza, afu akauliza kapata ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza ada ya maombi imeshalipwa, nikasema bado, akasema nitumie kontrol namba. Nikadhani ni maneno yake yale ya siku zote. Baada ya robo saa meseji ya malipo ikaingia kwangu, elfu 30 kamili.

Risiti nimeiprinti ipo kwenye faili la bluu, chini ya kurasa zako za kusaini, na namba yake nimeiandika kwa nyuma kwa penseli. Ukifika saini kwanza, kwa peni ya bluu, afu kama utataka utampigia.

Mama