Shukrani kwa Mama Aliyewafundisha Watoto Wetu

Napenda kumshukuru kwa dhati yule mama ambaye, bila kutaja jina lake wala kudai malipo, aliketi na watoto wetu akawaonyesha namna ya kutengeneza wanyama wa majira ya kuchipua kwa vitu ambavyo kila nyumba huvitupa. Ukanda mmoja wa trei ya mayai, uliopakwa rangi ya kijani na kutobolewa matundu mawili ya vipapasio, ukawa kiwavi. Bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha likawa sungura. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji, akaikoroga hadi ikawa nzito, kisha akaiacha ipoe.

Kilichonigusa zaidi ni subira yake: mtoto mdogo kuliko wote alipobandika masikio ya sungura ubavuni, hakuyabandua, bali alimuuliza sungura huyo anasikiliza nini huko. Vifungo vya macho aliwapa wakubwa tu, na wadogo, ambao bado hutia kila kitu mdomoni, wakachora macho kwa kalamu. Uangalifu huo ni wa kupongezwa. Mama, popote ulipo, pokea shukrani zetu. Watoto sasa wanataka kuwatengenezea viwavi wao mabawa.