Samaki hana jasho

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba kuchunguza magonjwa ya ngozi ya kurithi kwa kutumia samaki ni kumwaga fedha majini, kwa kuwa samaki hatokwi na jasho wala hana nywele. Kweli hana. Nimewalisha samaki pundamilia, samaki wadogo wenye milia wa maabara, kwa miaka kadhaa na sijamwona hata mmoja akijifuta kipaji. Ila mfano alioutoa ndio unaomponza.

Kuna watu wanaozaliwa na tezi chache mno za jasho, nywele haba na meno machache yaliyochongoka. Mtoto wa namna hiyo akicheza juani mwili huchemka kama ana homa, maana hana kinachompoza. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walimchunguza medaka, samaki mdogo, wa ukoo uliokosa karibu magamba yote, wakakuta hitilafu iko kwenye jeni ya EDAR. Ni jeni ileile ambayo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa huo. Jeni hiyo haijui kama inatengeneza gamba au unywele. Kazi yake ni kuziambia seli za ngozi, hapa jengeni kitu.

Habari ya rangi ndiyo inayonikosha zaidi. Kuna samaki pundamilia aitwaye golden, mwenye milia iliyopauka. Mwaka 2005 Keith Cheng na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba jeni yake iliyoharibika ni SLC24A5. Walipokipa kiinitete chake maelekezo ya jeni hiyo kutoka kwa binadamu, weusi ukarudi. Mwaka 2013 ndipo watafiti walipoeleza kwamba jeni hiyo ikiharibika kwa mtu huleta aina mojawapo ya ualbino. Samaki alitangulia kwa miaka minane.

Na si bahati tu. Taa za asubuhi zikiwaka, samaki hutaga, na jike mmoja aweza kutoa mayai zaidi ya mia. Liweke moja chini ya hadubini: unaona hadi ndani, mkia unatikisika, na siku ya kwanza inapokaribia kwisha vumbi jeusi la melanini, ile rangi ya ngozi na nywele, linaanza kutokea jichoni. Ngozi yenyewe wakati huo ina matabaka mawili tu ya seli. Kwa panya ungelazimika kumpasua mama ili uone hayo.

Lakini nanyi gazetini mna lawama yenu. Vichwa vya habari vya "dawa ya ngozi yapatikana kwa samaki" vinawapa wagonjwa matumaini ambayo sisi maabara hatujayatoa. Tunapojaribu dawa, tunaidondosha kwenye maji ya kikombe kidogo cha plastiki na kifaranga wa samaki anaogelea humo, dawa ikimpenya mwili mzima. Ngozi ya binadamu imefunikwa na tabaka kavu la seli zilizokufa, zilizojaa keratini, protini ngumu kama ya kucha, ambalo kazi yake ni kuzuia vitu visipite. Samaki hana tabaka hilo, ana ute. Kinachoingia kwake kwa urahisi chaweza kugota palepale juu ya mkono wa mtu. Iktiosisi, ugonjwa wa ngozi kukauka na kuchanika vipande kama magamba, ulipewa jina kutokana na neno la Kigiriki la samaki, na balaa lake liko kwenye tabaka hilohilo ambalo samaki amekosa! Kuhusu jeni za ugonjwa huo samaki ana ya kutueleza. Kuhusu krimu ya kuupaka, machache sana.

Jambo jingine, kwa ufupi: jeni nyingi za samaki ziko nakala mbili, hivyo ukiizima moja pengine pacha wake anaziba pengo, na kifaranga mzima asikuhadae kwamba jeni hiyo haina kazi.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiletewa tena habari ya namna hii, kabla ya kuichapa mwulizeni mtafiti: dawa ilipakwa, au ilikorogwa majini?

Fundi wa maabara