Risala ya Askari Wasimamizi wa Gereza la Mahabusu kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Sheria

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu;
Mkuu wa Magereza wa Mkoa;
Afande Mkuu wa Gereza;
Waheshimiwa mahakimu na mawakili;
Maofisa na askari wenzetu;
Ndugu zetu mahabusu mlioketi nasi hapa uwanjani;
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuchagua kuiadhimisha Wiki ya Sheria ndani ya kuta hizi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunaosoma risala hii ni askari wa zamu. Ndio tunaofungua selo alfajiri, tunaopekua, tunaosindikiza mahakamani na kufunga jioni. Jeshi letu lilitenganishwa na Polisi mwaka 1931, na hadi leo siku ya askari inaanza na hesabu na inaisha na hesabu. Ila gereza la mahabusu la mjini si sawa na gereza la wafungwa. Mfungwa anaijua siku yake ya kutoka. Amejumlisha miezi, ameondoa theluthi ya kifungo anayosamehewa, anajipanga. Mahabusu anajua tarehe ya kesi yake kutajwa tu, na ikifika hupewa nyingine. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Kwa hiyo kwetu mahabusu ni amana ya mahakama. Tunaomba leo tuzungumze kuhusu amana hiyo inavyokaa muda mrefu mno mikononi mwetu.

Karandinga, gari la kusafirisha mahabusu, hurudi kutoka mahakamani jua likikaribia kuzama. Watu wanashuka, wanachuchumaa kwa mistari, tunahesabu, tunapekua, tunalinganisha majina na hati za rumande. Waliobaki ndani wanawauliza wenzao kupitia nondo, "Vipi?" Jibu tunalijua kabla halijatamkwa: "Upelelezi bado." Mtu aliyeondoka asubuhi amechana nywele na kuazima shati safi anarudi hataki hata kula. Hasira yake haimfikii mpelelezi wala wakili wa Serikali. Inaishia kwa askari anayesukuma mlango. Usiku huohuo kunazuka ugomvi wa nafasi ya kulala, kwa sababu selo ikijaa watu hulala mchongoma, ubavu kwa ubavu, na mmoja akitaka kugeuka inabidi mstari mzima ugeuke.

Mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ilirekebishwa ili mtu asifunguliwe mashtaka kabla upelelezi haujakamilika. Tuliipokea kwa furaha kubwa. Lakini makosa makubwa yaliachwa nje ya katazo hilo, na wenye mashtaka ya mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha hawana dhamana. Hao ndio wakaaji wetu wa muda mrefu. Baadhi yao wamekaa mpaka tunawajua watoto wao kwa majina, kwa kuwaona wakikua kwenye foleni ya wageni, mama akionja chakula mbele yetu kabla hakijapita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wapo pia waliopewa dhamana na bado wako ndani, na hili linatuuma zaidi. Chukua kijana mchuuzi wa maji stendi. Masharti yake ni wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za Serikali ya Mtaa. Simu yake ilibaki kituoni alipokamatwa, na namba ya mama yake haiko kichwani. Anachokumbuka ni duka lililo jirani na kwao na jina la mjumbe. Basi askari akitoka zamu anapanda daladala mpaka kwenye duka hilo, anaulizia, anamkuta mama ambaye alikuwa amemtafuta mwanawe hospitali zote. Kazi hiyo haimo kwenye orodha ya majukumu ya askari, wala nauli hairudishwi. Tunaifanya kwa sababu tunamwona huyo kijana kila asubuhi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Tunaomba wapangiwe siku maalumu kila wiki ya kukaa humu ndani, na kazi yao ya kwanza iwe kuwatafuta wadhamini wa watu kama huyu.

Kuhusu sisi wenyewe tutasema machache. Nyumba hazitoshi, sare zinachelewa, na Afande Mkuu wa Gereza anajitahidi kutusemea. Lakini upungufu wa askari lazima tuueleze, kwa sababu unamgusa mahabusu moja kwa moja. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015, zinasema katika Kanuni ya 40 kwamba mfungwa asipewe mamlaka ya kuwaadhibu wenzake. Tunaiamini kanuni hiyo. Hata hivyo, askari mmoja akibaki na korido nzima usiku, nani anaamua ndani ya selo mgonjwa alale wapi, au mgeni apewe blanketi au asipewe? Ni nyapara, yaani mahabusu mwenzao anayewaongoza humo selo. Wako manyapara wenye huruma, na wako wanaouza nafasi ya karibu na dirisha. Askari wa kutosha zamu ya usiku ndio dawa, na hatuoni nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ombi letu kubwa kwako ni kwamba Kamati ya Kusukuma Mashauri iwe inakaa hapahapa gerezani mara kwa mara, mpelelezi na wakili wa Serikali wakiwepo, majalada yakiwa mezani, na mahabusu wakiitwa mmoja mmoja. Pia kesi inapoahirishwa, tunawaomba waheshimiwa mahakimu wamweleze mshtakiwa sababu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Mtu akielezwa kwamba kinachosubiriwa ni ripoti ya Mkemia Mkuu, analala na jambo la kushika. Tunaunga mkono pia kesi za kutajwa zisikilizwe kwa video, kwani mafuta ya karandinga ni tatizo la kila wiki. Ila tunaomba mahabusu wasikose kabisa safari ya mahakamani. Kwa wengi wao, kule ndiko wanakomwona mama au mtoto bila nondo katikati, japo kwa dakika chache.

Tumeandaa orodha ya mahabusu waliokaa muda mrefu zaidi, pamoja na namba za mashauri yao na tarehe walizoingia. Iko kwa Afande Mkuu wa Gereza, naye atakukabidhi sasa hivi. Baada ya hapo tunakuomba uongozane nasi kwenye selo, uzungumze nao wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.