Asante, mzee wa mtumbwi pale Mabamba

Natoa shukrani hii hadharani, maana wema huu unastahili mashahidi. Tulikwenda kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya Entebbe, kumpiga picha korongo-nyangumi, ambaye Waganda humwita bulwe. Katikati ya mafunjo boti ikaanza kuingiza maji, na nahodha wetu hakuwa na hata kopo la kuyachotea.

Mzee mmoja mvuvi akaja bila kuitwa. Alipokea kwanza begi la kamera, akalifunga kwa koti lake la mvua, kisha akatuhamisha mmoja mmoja huku ameshika ubao wa boti yetu asiyumbe mtu. Yeye akabaki analowa.

Hakuishia hapo. Alituingiza kwenye kijia chembamba, akaacha kupiga kasia mbali kabisa na ndege, akanong'ona, "Mwanangu, hapa panatosha. Tukisogea, ataacha kuvizia kamongo wake." Bulwe alisimama kimya, jicho la manjano halipepesi. Zamani, alisema, wavuvi wa hapa walimwua, wakiamini kumwona ni mkosi wa nyavu tupu. Yeye akimwona husema tu, "Alhamdulillahi."

Mimi nikakumbuka Sura ya Al-Mulk, inayotuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu, wasioshikiliwa na yeyote ila Mwingi wa Rehema.

Pesa alikataa. Mzee wangu, Mungu akulipe. Nanyi wapiga picha mwendao huko, nahodha akisema panatosha, msimshurutishe asogee.