Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: naomba chumba kimoja chenye giza

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua barua nyingi unazopata ni za watu wanaotaka mahema, viti na mgeni wa heshima. Mimi naomba chumba tu cha kuonyeshea vidio za sanaa, kiwe na giza, projekta, spika mbili na mtu wa kufungua mlango asubuhi.

Mimi ni wa Malindi. Mama Mgiriama, baba Mwitaliano, alirudi kwao nikiwa na miaka mitano. Kwa hivyo tangu utotoni nikipita ufuoni vijana wananiita "ciao amico" wanataka kuniuzia vinyago, nikiwajibu Kigiriama wanacheka mpaka wanakaa chini. Shuleni nilikuwa pointi, yaani chotara, kwenye matanga ya kina mama mimi ni "yule mzungu wetu". Sasa huyo mzungu wao mwaka juzi alivaa hando la marehemu nyanya yake, lile rinda jeupe la wanawake wa Kigiriama, akaegemeza simu kwenye ndoo akajirekodi dakika sita anatembea kutoka jikoni hadi kisimani, na ndevu zake vile vile. Basi, vidio ndio hiyo. Hakuna uchi, hakuna matusi, kuna kuku mmoja anapita katikati.

Nikaipeleka kwenye ukumbi mmoja wa umma huku Pwani, sitautaja na wala sitamtaja aliyekuwa pale mezani, nikaomba niionyeshe jioni moja tu. Akaangalia kama nusu dakika, akaisimamisha, akaniuliza mimi ni mwanamume au mwanamke, na kabla sijafungua mdomo akaongeza, na ni Mkenya au mtalii? Nikatoa kipande, kitambulisho changu. Akakigeuza mbele na nyuma. Akasema nilete leseni ya filamu, na barua ya chifu pia. Barua ya chifu ya nini? Ya kuthibitisha kwamba huyo kwenye vidio ni mimi.

Sasa Mheshimiwa, yale maswali mawili kuna mtoto wa Nairobi ameyafanyia kazi zaidi ya miaka 20, na nina wasiwasi wizara yako haina hata nakala moja ya kazi zake. Anaitwa Ingrid Mwangi. Kazaliwa Nairobi 1975, baba Mkenya mama Mjerumani, akahamia Ujerumani akiwa na miaka 15, akasomea sanaa Saarbrücken. Huku alionekana mzungu, kufika kule akawa mweusi. Mwili ni ule ule, hakuna kilichobadilika isipokuwa ndege aliyopanda.

Kwa hivyo akauchukua mwili wenyewe akaufanya karatasi ya kuandikia. Kuna kazi yake ya vidio ya mwaka 2000 ambayo jina lake linabeba lile neno la dharau ambalo Wajerumani waliwaitia watu weusi, pamoja na kusema msiniite hivyo. Unauona uso wake, na dredi zake mwenyewe zimesukwa juu ya uso zimekuwa kinyago, kimoja baada ya kingine, na sauti yake inaongea chini yake. Mimi niliiona kwa laptopu ya rafiki, kioo kimepasuka kona, na bado nilishindwa kula. Maana sisi vinyago tunavijua, hapa vinauzwa njiani, watalii wanabeba kwa mifuko, lakini kinyago kilichosukwa kwa nywele za anayekivaa utamuuzia nani?

Halafu mwaka 2001 akafanya picha mbili (hizi sio vidio, ni picha za mnato, lakini ukoo ni mmoja). Alitumia jua na ngozi ya tumbo lake kuchora ramani mbili, Afrika ikatoka nyeupe kuliko ngozi inayoizunguka, Ujerumani ikatoka nyeusi. Yaani alizigeuza rangi! Hakuna wino wala rangi ya duka, ni jua tu, lile lile linalotubabua sisi hapa bure. Picha hizo zilionyeshwa Brooklyn Museum, New York, mwaka 2007, kwenye maonyesho makubwa ya wasanii wanawake wa dunia. Mtoto wa shule ya Malindi atazionea wapi?

Na lile swali la mwanamume au mwanamke, hapo ndipo anaponimaliza. Mwaka 2005 yeye na mumewe Robert Hutter, Mjerumani aliyezaliwa mwaka huo huo 1975, waliunganisha majina wakaunganisha hata wasifu. Siku hizi ni Mwangi Hutter, msanii mmoja mwenye miili miwili, wa kike na wa kiume, mweusi na mweupe. Ukitaka kujua huu mkono kwenye kazi ni wa nani au wazo ni la nani, wanakwambia msanii ni mmoja. Fikiria yule bwana wa mezani angewapa fomu gani.

Najua kuna mshauri wako atasema huyo ni wa Wajerumani, waachie Wajerumani. Sawa, lakini tukumbushane Venice, kule Italia. 2013 na tena 2015 banda lenye jina la Kenya kule kwenye maonyesho makubwa ya sanaa lilijaa wasanii wengi wao Wachina, ndani yake pia kukawa na Mwitaliano anayeishi hapa hapa kwetu Malindi, mpaka wasanii wetu wakapiga kelele na 2015 serikali ikalikana. (Mimi mwenye baba Mwitaliano nilicheka peke yangu, nikajiambia kumbe nafasi ilikuwepo.) Na katiba ya 2010 imeshamaliza huo ubishi, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na kifungu cha 33 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Halafu hebu siku moja ukiwa Moi Avenue ingia jumba la Nyaraka za Taifa, ule mkusanyo pale chini ni wa Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka 1966, baba Mgoa mama Mmaasai. Pointi mwenzangu! Vitu vyake vinalindwa na serikali na hakuna anayeuliza ni vya nchi gani.

Kwa hivyo ninachoomba. Pale House of Columns, makumbusho yetu ya Malindi, kitafutwe chumba kimoja kiwekwe pazia zito. Vidio za sanaa kwa kawaida huuzwa nakala chache sana zenye cheti, kwa hivyo serikali inaweza kununua yake ikawa mali ya umma kama mchoro wowote, ila lazima awepo fundi wa kuihamisha kila mashine zinapobadilika, maana kazi za miaka ile za kwenye kanda zikiachwa kabatini na unyevu huu wa Pwani hazifiki mbali.

Na hiyo leseni. Sheria ya filamu tunayotumia ni ya 1962, kabla ya uhuru, haikumfikiria mtu anayejirekodi kwa simu uani kwa nyanya yake. Sikuombi uifute, nakuomba utoe waraka, ukurasa mmoja tu, useme msanii anayejirekodi mwenyewe bila kikosi anahitaji nini na hahitaji nini, ili mtu wa mezani asijitungie. Maana mkisema "tutaangalia", tunakumbuka 2018 filamu ya mapenzi ya wasichana wawili ilivyopigwa marufuku, ikabidi Mahakama Kuu iingilie ndio ikaonyeshwa siku 7. Siku saba, na watu walijaza viti.

Barua ya chifu nilipata, kwa taarifa yako. Chifu aliiangalia vidio yote dakika sita, akasema hando nimelifunga vibaya, mkewe akatoka ndani akanionyesha linavyofungwa. Nitairekodi upya. Nikimaliza nitaileta na hiyo barua yenye mhuri, wewe niambie tu nilete mlango gani.

Ni mimi,
mtu wa hando, Malindi