Jedwali la hisa lionyeshe na gawio

Mhariri,

Kila wiki huwa nasoma katika gazeti lako taarifa ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, na karibu kila mara taarifa hiyo huishia kwenye bei: hisa hii imepanda, ile imeshuka, bila kutaja gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Sina ugomvi na tarakimu hizo, lakini msomaji mgeni huondoka akiamini kwamba hisa ni ya kununuliwa Jumatatu na kuuzwa Ijumaa, kama gunia la vitunguu linalovizia bei sokoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2009, Benki ya CRDB ilipouza hisa kwa umma kwa Sh150, mimi na mwalimu mwenzangu tulinunua hisa 2,000 kila mmoja, yaani Sh300,000, fedha ambazo kwa mishahara yetu hazikuwa ndogo. Faida ya benki iliporomoka mwaka 2016 na 2017 kutokana na mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawairejeshi inavyotakiwa, na gawio la mwaka 2017 likawa Sh5 kwa hisa. Baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla gawio halijamfikia mwenye hisa, nilibakiwa na Sh9,500, mke wangu akaniuliza kama hiyo ni nauli ya kwenda kuifuata au ya kurudi. Bei sokoni nayo ikashuka chini ya ile tuliyonunulia. Mwenzangu akauza zote, akanipa pole kwa kung'ang'ania karatasi.

Sikuuza, na sidai kwamba nilikuwa mjuzi. Benki huchapisha hesabu zake magazetini kila robo mwaka, nami nilikuwa nikizikata kwa mkasi na kuzibandika kwenye daftari la mistari, nikipigia mstari mwekundu faida na mikopo chechefu. Daftari hilo lilinionyesha benki ambayo hata katika mwaka mbaya ilipata faida, jambo ambalo bei ya siku haikuweza kunieleza. Gawio la mwaka 2021 likawa Sh36 kwa hisa, la 2022 Sh45, la 2023 Sh50 na la 2024 Sh65. Kabla ya kodi, miaka hiyo minne pekee ni Sh196 kwa hisa niliyoinunua kwa Sh150, na hisa zenyewe ninazo hadi leo. (Shilingi ya mwaka 2009 ilikuwa nzito kuliko ya sasa, nakubali.) Hisa za Benki ya NMB nazo ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh600, na gawio lake la mwaka 2024 lilizidi Sh428 kwa hisa moja.

Hata hivyo, wanaohubiri "nunua usahau" wananitia shaka. Katika daftari hilohilo kuna kampuni nyingine, sitaitaja, ambayo niliinunua kwa sababu tu bei yake ilikuwa imeshuka. Hesabu zake zilianza kuchelewa, hasara ikafuatwa na hasara, nami nikaendelea kuishikilia kwa miaka, si kwa subira bali kwa aibu ya kukiri kwamba nilikosea. Haijanilipa hata senti, na kurasa zake ndizo zenye mistari mingi myekundu.

Ombi langu ni dogo. Pembeni ya bei ya jana na ya leo, jedwali lenu liwe na safu mbili zaidi: gawio la kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, na faida kwa kila hisa. Tena, kampuni inapotangaza gawio, mchapishe mapema na kwa herufi zinazosomeka tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, yaani siku ya kujua nani atalipwa gawio hilo, kwa kuwa nimekutana kwa dalali na watu walionunua hisa baada ya tarehe hiyo, kisha wakaenda kuulizia fedha ambazo hazikuwa zao.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro